Mwanga wa Dari: Flashi, Picha za Ndani na Nyumba za Goma

Kituku, katika mtaa wa Kyeshero magharibi mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hujulikana kwa soko lake na kwa bandari ndogo ambako maboti ya Minova na Idjwi hushusha vyakula na watu. Hakuna atakayetarajia historia ya upigaji picha ianzie hapo. Hata hivyo ni mahali pazuri pa kuipimia hoja moja ambayo waandishi wa historia hiyo huipita haraka. Historia hiyo husimuliwa kana kwamba ni historia ya kamera: sanduku la mbao likaleta filamu, filamu ikaleta dijitali, na kila chombo kipya kikaboresha picha ya watu wetu. Kwa picha zinazopigwa nje, usimulizi huo unatosha. Kwa picha za sura zinazopigwa ndani ya nyumba, hautoshi. Ndani ya nyumba, kilichoamua uso uonekaje ni kuta na dari, na kamera ilikuja nyuma yake. Kutoka kwenye gati la Kituku, mtu akitembea muda mfupi tu atapita vibanda vya mbao vilivyosimama juu ya mawe meusi ya volkano na majumba ya saruji yaliyopakwa rangi nyeupe ndani na nje. Mpiga picha mmoja, kwa kamera ile ile na flashi ile ile, atatoka kwenye nyumba hizo mbili na nyuso mbili zisizofanana. Tofauti hiyo ina historia yake, na inafaa kuandikwa.

Kwanza tuseme wazi kinachofanyika. Flashi ni chanzo kidogo cha mwanga, kioo chake hakizidi upana wa viganja viwili vya mtoto. Ikielekezwa usoni moja kwa moja, mwanga hutoka mahali padogo karibu na lensi. Paji la uso na pua hung'aa kwa madoa makali, mashavu hubapa, na kivuli cheusi chenye kingo kali hujichora ukutani nyuma ya mtu. Fundi akigeuza kichwa cha flashi kuelekea darini, au kwenye ukuta ulio nyuma ya bega lake, mwanga huenda kugonga eneo la mita moja au mbili, kisha hurudi kwa mpigwa picha ukiwa umetawanyika. Kuanzia hapo chanzo cha mwanga si flashi tena, ni lile eneo la dari. Kivuli hulegea, uso hupata mviringo wake, na chumba chote huangazwa badala ya kuzama gizani. Fundi hodari hajidanganyi kwamba kuelekeza juu kunatosha. Mwanga unaodondoka wima hutia macho gizani, kwa hiyo hurudi hatua moja, huupeleka nyuma na juu, au hufunga kipande cha kadi nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi ili chembe ya mwanga ifike kwenye mboni. Yote haya yanasimama juu ya sharti moja: lazima kuwe na kitu cheupe, kilicho karibu, cha kuudundisha mwanga.

Kwa muda mrefu sharti hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu hakukuwa na mwanga wa kudundisha. Studio za pwani katika karne ya 19, kama ile ya A.C. Gomes mjini Zanzibar, zilitegemea mwanga wa mchana. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa kumulika wenye magnesiamu, uliowaka kwa kishindo na kuacha wingu la moshi chumbani. Balbu za flashi zilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1929. Zilikuwa salama zaidi, lakini kila balbu ilifanya kazi mara moja kisha ikatupwa. Mwaka 1931, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Harold Edgerton alianza kuendeleza flashi ya umeme inayoweza kumulika tena na tena. Ugunduzi wote huu ulifika Afrika Mashariki na Kongo, lakini kwa studio nyingi balbu ya kutupwa ilikuwa gharama isiyo na faida ilhali jua lilikuwa bure. Antoine Freitas, aliyezunguka Kasai mwishoni mwa miaka ya 1930 na kamera yake ya sanduku, alipiga nje, barabarani, watu wakimzunguka. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye picha zake za kati ya 1948 na 1962 sasa zinatundikwa kwenye makumbusho ya dunia, alipenda kupiga uani, kitambaa kikiwa kimening'inizwa nyuma ya mteja. Ua wenye kuta za rangi ya mchanga ulikuwa tayari unafanya kazi ya dari jeupe: ulipokea jua na kulirudisha likiwa laini.

Studio za mijini zilipopata umeme wa uhakika zilijenga ua huo ndani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na N.V. Parekh akafungua yake Mombasa mwaka 1942. Picha za Parekh zinaonyesha fundi aliyejua kuiweka taa moja hapa na nyingine pale, kwa namna ya picha za waigizaji wa sinema za Bombay na Hollywood. Taa kubwa, pazia lililochorwa, kuta zilizoandaliwa: vyote vilikuwa mali ya mwenye studio, na mteja alilazimika kuvifuata. Hili ndilo jambo la msingi. Mwanga mzuri wa ndani ulikuwa na anwani. Mama aliyetaka picha ya heshima ya familia aliwavika watoto, akafunga safari mpaka mjini, akaketi juu ya kiti kisicho chake mbele ya bustani ya rangi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Picha zilizopigwa nje ya studio, usiku, zilikuwa na sura nyingine kabisa. Jean Depara, mpiga picha wa starehe za Léopoldville katika miaka ya 1950 na 1960, na Malick Sidibé, aliyezunguka kwenye dansi za vijana wa Bamako, waliifuata hadhira yao na flashi mkononi, ikimulika moja kwa moja. Watu wao wanaruka kutoka gizani, jasho na tabasamu vikiwa vimegandishwa, na nyuma yao hakuna chumba, kuna weusi tu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mafundi wa dansi na harusi hawakudundisha mwanga tangu zamani, ikiwa njia yenyewe ni rahisi kiasi hiki. Jibu la haraka ni kwamba hawakuijua. Silikubali, na hesabu haikubali. Nguvu ya flashi hupimwa kwa namba ambayo, ikigawanywa kwa umbali, hutoa uwazi wa lensi unaohitajika. Chukua flashi ndogo yenye namba 20 kwa mita, na filamu ya ISO 100. Mtu akiwa mita 2.5 mbele, akimulikwa moja kwa moja, fundi anatumia f/8, uwazi wa starehe unaosamehe makosa ya kulenga. Sasa aielekeze darini katika chumba chenye kimo cha mita 2.7. Mwanga unapanda na kushuka, safari inakuwa kama mita 3.5, na dari lenyewe, hata likiwa jeupe, linatawanya sehemu kubwa ya kilichobaki. Kwa makadirio ya kawaida ya mafundi, fundi wetu anasukumwa mpaka f/2.8, yaani anabaki na sehemu moja ya nane ya mwanga aliokuwa nao. Lensi yake huenda haifiki hapo, na ikifika, babu aliyeketi safu ya nyuma atatoka na ukungu. Ongeza kwamba filamu ina picha 36, hakuna kioo cha kutazama matokeo, na mteja analipa baada ya kuona picha. Kosa la fundi huyo linagundulika maabara, wakati bibi harusi ameshavua shela. Katika mazingira hayo, kumulika moja kwa moja ilikuwa busara ya kazi.

Vikwazo viwili kati ya vitatu vimeondolewa na wakati. Cha kwanza kilikuwa nguvu. Katika miaka ya 1970 zilikuja flashi za betri zenye kichwa kinachoinama na jicho la kupima mwanga, na Vivitar 283 ndiyo iliyoenea kuliko nyingi. Kichwa kiliweza kutazama dari huku jicho likibaki linamtazama mtu na kukata mwanga ukishatosha. Kwa mji kama Goma hili lina uzito wake. Umeme wa mji ulitegemea kwa miongo mingi mitambo ya mto Ruzizi, ambayo ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1950, na kukatika kwake ni sehemu ya maisha. Ndiyo maana mtambo wa Matebe wa mwaka 2015 na ule wa jua wa kampuni ya Nuru wa mwaka 2020, wenye megawati 1.3, ilipokewa kwa shangwe. Studio ya taa kubwa haiwezi kuishi kwa umeme wa kubahatisha. Flashi ya betri nne ndogo inaweza. Kikwazo cha pili kilikuwa wepesi wa filamu kupokea mwanga. Kamera ya dijitali ya bei ya kati inapiga ISO 1600 bila shida, mara 16 ya ile filamu ya ISO 100, na inaonyesha matokeo papo hapo. Flashi za Kichina za bei nafuu zilipofika katika miaka ya 2010, zikiwa na namba inayotangazwa kuwa 50 na zaidi, hesabu ya f/2.8 iligeuka kuwa f/8 na nguvu ikabaki. Kuanzia hapo fundi wa harusi hakuwa na sababu ya kihesabu ya kumulika uso moja kwa moja.

Kikabaki kikwazo cha tatu, ambacho hakiuzwi dukani: nyumba. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makao. Mji ulijengwa upya juu ya lava hiyo hiyo, na sehemu kubwa yake kwa mbao na mabati. Tazama chumba hicho kwa jicho la mpiga picha. Jiwe la lava, likiwa msingi au ukuta, humeza karibu mwanga wote linaopewa. Ubao usiopakwa rangi hurudisha kiasi kidogo, na hicho kinarudi kikiwa na wekundu wa kahawia unaoupaka uso. Bati lililo wazi juu ya kichwa, likiwa jipya, humwaga mwanga kwa vipande kama kioo kilichokunjwa. Likishika kutu halirudishi kitu. Ukuta uliopakwa rangi ya bluu au kijani huipeleka rangi hiyo moja kwa moja kwenye mashavu. Kinyume chake, rangi nyeupe safi hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga. Majumba yenye dari la namna hiyo yaliongezeka Goma katika miaka ya vita, kwa fedha za biashara ya madini na kwa kodi zilizolipwa na mashirika ya misaada yaliyomiminika tangu wimbi la wakimbizi wa Rwanda la Julai 1994. Yamejipanga kando ya ziwa, na Kyeshero ina sehemu yake. Basi flashi inayogeuzwa juu ilipofika Goma haikugawa mwanga laini sawasawa. Iliufuata mgawanyo wa rangi nyeupe, na rangi nyeupe ilikuwa imeshafuata fedha.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya ngozi zetu. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: mwanga unaogonga juu yake na kurudi ndio unaochora mfupa wa shavu, kidevu na paji. Chanzo kikiwa kidogo, mng'ao unakuwa doa jeupe na kila kinachobaki kinazama. Chanzo kikiwa kipana, mng'ao unatandazwa na uso unasomeka wote. Viwanda vya filamu havikusaidia: kwa miongo kadhaa Kodak ilisawazisha rangi za maabara kwa kadi zenye sura za wanawake weupe, na ni katika miaka ya 1990 ndipo zilipoenea kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Jicho la kupima la flashi nalo limepangwa kwa wastani wa mandhari. Mbele ya ukuta mweupe hukata mwanga mapema na kuuacha uso mweusi gizani; mbele ya ukuta wa mbao nyeusi huzidisha. Kwa hiyo madhara ya kukosa dari jeupe hayakuwa sawa kwa watu wote duniani. Chumba kile kile, kwa vifaa vile vile, kilimpokonya mtu wa Goma sehemu kubwa zaidi ya uso wake kuliko mtu ambaye filamu ilitengenezwa kwa ajili yake.

Kuna pingamizi nzito zaidi ya yote: kwamba hoja hii inadhani kila mtu alitaka mwanga laini. Huenda watu waliupenda mmuliko mkali. Mng'ao wa flashi kwenye nguo ya satini, kwenye saa na kwenye paji lililopakwa mafuta ulikuwa ushahidi kwamba picha imepigwa, kwamba sherehe imefanyika, kwamba mtu amependeza. Wachambuzi wa picha za watu weusi katika visiwa vya Karibi wamelijadili hili kwa kina, na anayeziangalia picha za Depara hawezi kusema zina upungufu. Nalikubali kwa nusu. Mwanga mkali ni mtindo halali, na katika dansi ndio mwanga wa kweli wa tukio. Lakini mtindo hupimwa pale penye uchaguzi. Katika studio, ambako uchaguzi ulikuwepo, wateja wa Mombasa na Zanzibar walilipa pesa yao kwa nyuso zenye mviringo na vivuli vilivyotulizwa. Harusi za leo za Goma zinazofanyika kwenye kumbi zenye dari jeupe hupigwa kwa mwanga uliodundishwa, na zile za kumbi ndefu za mabati hupigwa moja kwa moja, mara nyingi na fundi yule yule siku hiyo hiyo. Ingekuwa ladha peke yake, ingeandamana na fundi na mteja, si na jengo.

Pingamizi ya pili husema kwamba dirisha lingetosha na flashi haikuhitajika. Goma iko chini kidogo ya mstari wa ikweta, na jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Saa ambazo familia hukusanyika, baada ya soko na kazi, ni saa za giza. Madirisha ya nyumba za mbao ni madogo kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya wezi. Dirisha ni msaada wa mchana kwa mwenye dirisha kubwa, na hapo tumerudi kwenye nyumba. Pingamizi ya tatu ni ya simu: simu za sasa hupiga gizani bila flashi na kusawazisha nyuso zenyewe. Ni kweli zinapiga, ila mashine haiwezi kurudisha mviringo ambao mwanga haukuuchora, inaubashiri. Tena taa ndogo ya simu haigeuki kutazama dari, na hivyo wengi wamerudishwa kwenye mmuliko wa moja kwa moja wa miaka ya 1960, kwa hiari ya mtengenezaji. Wengine watataja mwavuli mweupe wa studio, au shuka nyeupe inayoshikwa na watu wawili. Hizo ni dawa halisi, na mafundi wazuri huzitumia. Lakini kubeba mwavuli ni kubeba dari lako mwenyewe, na anayebebewa ni mteja wa harusi anayelipa kwa siku, si mama wa Kituku anayetaka picha moja ya mtoto.

Upande wa pili wa historia hii ni picha ambazo hazikuhitaji chumba kabisa. Dola haitaki mviringo wa shavu, inataka uso bapa unaotambulika. Nchini Kongo kadi ya mpiga kura, iliyotolewa kwa mamilioni tangu uandikishaji wa 2005, ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha watu wengi, na kwa wengi picha ile ya mbele kwa mbele ndiyo picha pekee iliyosalia baada ya kuhamahama. Kaskazini mwa Uganda kuna ushahidi wa kushangaza wa mgongano wa mahitaji haya mawili. Kitabu cha Martina Bacigalupo kuhusu Gulu Real Art Studio, kilichotoka mwaka 2013, kimekusanya picha ambazo nyuso zimekatwa kwa mraba ili zikabandikwe kwenye vitambulisho. Kilichobaki ni miili iliyoketi, mikono juu ya magoti, koti lililoazimwa, kitambaa cha nyuma. Ofisi ilichukua uso na kuacha mahali. Lakini mahali ndipo penye habari ambazo mwanahistoria hawezi kuzipata kwenye kitambulisho: mtu aliketi wapi, juu ya nini, chini ya mwanga wa nani.

Kutokana na hayo, albamu za familia za mashariki mwa Kongo zinastahili kusomwa upya. Uso uliobapa na kivuli kikali ukutani si ushahidi wa fundi asiyejua kazi, wala wa mteja asiye na ladha. Ni rekodi ya chumba kisicho na cheupe, na pengine rekodi pekee ya chumba hicho, kwa sababu kilichomwa na lava au kiliachwa vitani. Vivyo hivyo uso laini wenye mwanga wa juu unatuambia kwamba hapo palikuwa na dari, rangi na mtu wa kulipia vyote viwili. Wanaokusanya picha hizi, wawe vituo vya utamaduni vya Goma au wajukuu wanaozipiga upya kwa simu, hawana budi kuandika nyuma ya kila moja, pamoja na majina na mwaka, ni nyumba gani na ilijengwa kwa vifaa gani. Na wanaofundisha vijana kupiga picha wangefanya vema kuanza somo la flashi kwa kuwapeleka kwenye vyumba vya mbao, kwa kuwa fundi aliyejifunza chini ya dari jeupe peke yake amejifunza nusu ya mji.